Sabuni ya Kuyeyusha Tuliyotengeneza na Watoto Likizo ya Desemba: Uzoefu Wangu

"Mama, sabuni inalia."

Binti yangu wa miaka 6 ndiye aliyeniletea habari hiyo, kumekucha tu, siku ya pili baada ya kutengeneza sabuni zetu za kwanza. Nikamfuata sebuleni. Vipande sita tulivyoviacha wazi juu ya meza vilikuwa vimejaa vitone vya maji, kama chupa za soda zilizotoka kwenye friji. Alikuwa ameshachukua kanga anavifuta kimoja kimoja, na akifika cha mwisho, cha kwanza kimeshalowa tena. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe sabuni ilikuwa nzima, ila hatukujua namna ya kuitunza kwenye hewa ya Dar es Salaam ya Desemba.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo ningependa kuambiwa kabla sijatoa hela. Sabuni hii ina glisirini nyingi, na glisirini huvuta unyevu kutoka hewani. Ni sifa nzuri ukishaogea, lakini ukiiacha wazi kwenye nyumba ya pwani inakunywa hewa mpaka inatoa jasho. Mimi nikazidisha tatizo kwa kuviweka kwenye friji nikitegemea vitakauka. Vilipotoka vya baridi vikakutana na joto la nje, vikalowa chapachapa. Dawa yake ni rahisi: sabuni ikitoka tu kwenye kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, ifunge kwa nailoni ya kufungia chakula, uivute ishike pande zote, au iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Iliyokwisha kutoa jasho haijaharibika. Ifute, ipige feni kidogo, kisha ifunge.

Sasa nirudi nyuma. Likizo ile nilikuwa na watoto wanne nyumbani: wangu wawili, na wawili wa dada yangu waliotoka Morogoro. Mkubwa ana miaka 11, mdogo ana 3. Televisheni ilikuwa inawaka tangu asubuhi, na mimi nilitaka kazi ya mikono ambayo itawakalisha pamoja na mwisho wake wawe na kitu cha kushika. Kutengeneza sabuni nilikufahamu kidogo, maana kwenye kikundi chetu cha kina mama tuliwahi kufundishwa ile ya kostiki soda. Lakini ile siiweki mbele ya mtoto hata siku moja. Kostiki inaunguza ngozi na macho, ikikutana na maji inachemka yenyewe, na sabuni yake ya njia baridi, ile isiyopikwa motoni, unaisubiri wiki 4 mpaka 6 ndipo uiogee. Mtoto gani atasubiri wiki sita?

Sabuni ya kuyeyusha ni kitu kingine. Kostiki na mafuta vimeshapikana kiwandani vikawa sabuni, kwa hiyo wewe unapokea donge lililokamilika, jeupe au la kuonekana kama kioo. Unalikata, unaliyeyusha, unatia rangi na harufu, unamimina. Baada ya saa mbili au tatu, ukitumia kalibu ndogo, mtoto ana sabuni yake mkononi.

Nilianza kwa kununua kifurushi cha watoto kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, kikaletwa na bodaboda. Shilingi 45,000. Ndani kulikuwa na gramu 500 za sabuni nyeupe, gramu 500 za ile ya uwazi, vipakiti vinne vya rangi, kichupa cha harufu ya vanila, kalibu ya silikoni yenye vyumba sita, na karatasi ya maelekezo. Sabuni yenyewe naisifu bila kusita: iliyeyuka vizuri, haikukausha ngozi za watoto, na povu lake ni laini. Naipa nane kati ya kumi. Vitu vilivyoambatana nayo navipa tatu, na nitaeleza kwa nini.

Maelekezo yalisema "chemsha mpaka itokote". Tukafanya hivyo kwenye sufuria iliyokaa moja kwa moja juu ya jiko la gesi. Sabuni ikaanza kunuka, ikawa nzito kama uji wa dona, na ile ya uwazi ikageuka rangi ya chai hafifu. Gramu 250 zikaharibika hivihivi, watoto wanatazama. Sabuni hii inayeyuka kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 hivi, na haina haja ya kupita 70. Ikitokota inapoteza maji yake na haiwi tena ile uliyoinunua. Siku hizi naweka maji kwenye sufuria kubwa, nayapasha, kisha naweka bakuli la chuma la sabuni juu yake. Vipande nakata vidogo vya ukubwa wa kiberiti ili viyeyuke kwa pamoja. Kikibaki kipande kimoja kidogo, naepua na kukoroga polepole. Moto uliomo unatosha kukimalizia. Kukoroga kwa nguvu kunaleta mapovu, na mapovu hayo yatabaki juu ya sabuni yamekauka.

Rangi nazo zilituvunja moyo. Vile vipakiti vilikuwa rangi ya chakula. Siku ya kwanza sabuni ya tabaka nyekundu na bluu ilipendeza mno, mpwa wangu wa miaka 9 akaiita ya timu mbili. Baada ya wiki, nyekundu ilikuwa imehamia kwenye bluu na katikati pamekuwa zambarau chafu. Alinijia na sabuni yake mkononi akauliza, "Mama mdogo, nani ameichanganya?" Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo: rangi ya chakula inayeyuka kwenye maji, na sabuni hii ina maji ndani yake, kwa hiyo rangi inatembea. Kwa sabuni ya rangi moja haina neno. Ukitaka matabaka yabaki matabaka, tafuta rangi ya unga isiyoyeyuka, ile inayometameta ambayo wanaotengeneza vipodozi huiita maika, na hakikisha ni ya kupaka mwilini, si ya kupambia kadi. Jikoni pia kuna rangi: nusu kijiko cha chai cha manjano kwa gramu 250 kinatoa njano ya kiini cha yai, na kakao inatoa kahawia nzuri. Unga wowote ukoroge kwanza na matone ya glisirini au spiriti, ile ya duka la dawa wanayopangusia mkono kabla ya sindano, la sivyo utapata madoa.

Na vanila? Nzuri puani, lakini inaifanya sabuni nyeupe iwe ya kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Sisi tumehamia mchaichai. Mara moja nilijaribu mafuta ya karafuu. Zanzibar wanayakamua mpaka kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, pale Wawi, Pemba, na harufu yake ni ya nyumbani kabisa kwetu. Lakini ni makali kwa ngozi, na kwa ngozi ya mtoto sishauri. Nilitengeneza vipande viwili vya watu wazima, matone machache sana, basi. Kwa watoto sizidishi gramu 2 za harufu kwenye gramu 250 za sabuni, na sabuni ya huyu wa miaka 3 haina harufu hata kidogo.

Hapo nisimame kidogo, maana hili ni zito kuliko rangi. Sabuni ya uwazi yenye rangi ya chungwa inafanana na jeli. Ukiitia harufu ya stroberi na kuimimina kwenye kalibu ya dubu, mtoto wa miaka 3 hana sababu ya kujua kuwa si pipi. Mdogo wetu aliing'ata. Alilia kwa uchungu wa ladha, tukamsukutua kinywa, akawa mzima. Tangu siku hiyo hatutumii harufu za matunda wala kalibu za maumbo ya peremende, na bakuli, kijiko na kalibu za sabuni zina boksi lake, hazirudi jikoni. Lingine ni moto. Sabuni iliyoyeyuka ikimwagikia ngozi haitiririki chini kama maji, inaganda palepale ikiwa na joto lake. Kwenye nyuzi 60, sekunde chache zinatosha kumuunguza mtoto. Kumimina kutoka kwenye bakuli la moto ni kazi ya mtu mzima, na ndoo ya maji safi yasiyo ya baridi kali iwe karibu.

Basi watoto wanafanya nini? Karibu kila kitu kingine. Wa miaka 11 anapima kwenye mzani wa jikoni na kusoma kipimajoto, na ameipenda kazi hiyo mpaka haruhusu mtu aguse mzani. Wa miaka 9 ndiye wa rangi. Wa miaka 6 anapanga vitu vya kutia ndani na kutoa sabuni kwenye kalibu. Mdogo anakata kwa kisu cha plastiki donge ambalo bado ni baridi, akiwa amekaa mbali na jiko. Kalibu za kununua si lazima. Vikopo vya mtindi na trei ya barafu ya mpira vimetufaa kuliko ile ya silikoni iliyokuja, kwa sababu ni vidogo na sabuni inaganda upesi ndani yake.

Matabaka yalinichukua muda kuyajua. Mara ya kwanza tulimimina tabaka la pili wakati la kwanza limeshakuwa gumu kabisa, na sabuni ikaachana katikati siku ya kwanza bafuni, kila mtu akabaki na nusu. Mara ya pili tukawahi mno, sabuni ya moto ikatoboa tabaka la chini. Dawa ni kungoja tabaka la kwanza lifanye ngozi: gusa kwa kidole, lisishike kidole lakini bado lina uvuguvugu. Linyunyizie spiriti, kisha mimina la pili likiwa limepoa mpaka nyuzi 50 hivi. Spiriti hiyohiyo inapasua mapovu ya juu. Inashika moto, kwa hiyo jiko liwe limezimwa kabla chupa haijafunguliwa.

Tulichopenda kuliko vyote ni vitu vya ndani. Unamimina sabuni ya uwazi nusu kalibu, unangoja ngozi, unaweka kigari kidogo cha plastiki au shanga kubwa, unanyunyiza spiriti, unajaza. Usipongoja, kigari kinaelea. Maua mabichi na vipande vya matunda visiwekwe, vinaoza humohumo. Watoto wangu walikuwa wa kuambiwa "nenda kanawe" mara tatu kabla ya chakula. Sasa wanakimbilia karai ili kumfikia mjusi wa plastiki aliye ndani ya sabuni. Nilifikiri ni kwetu tu, baadaye nikasoma kwamba watafiti walijaribu jambo hili kwenye kambi ya watu waliokimbia makwao huko Iraq, na uwezekano wa watoto waliopewa sabuni yenye mwanasesere ndani kunawa mikono ulikuwa mara 4 ya wale waliopewa sabuni ya kawaida. Waliochapisha matokeo hayo mwaka 2018 hawakuwahutubia watoto hao juu ya magonjwa. Waliwapa sababu ya kufika kwenye maji. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu uani kwangu na linanifurahisha kila siku. Ila kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 au anayetia vitu kinywani, kitu kidogo cha ndani hakifai, kwa sababu sabuni ikiisha kinabaki mkononi mwake.

Kwa upande wa hela, usinunue kwa kutaka kuokoa. Kilo moja inatoa vipande 12 hivi vya gramu 80, na kwenye karai lenye maji inayeyuka mapema kuliko sabuni ya dukani. Kipande chetu hakifiki wiki mbili. Kisahani chenye matundu kinasaidia sana. Mara ya pili niliacha kifurushi, nikaenda Kariakoo kwenye duka la malighafi za vipodozi na kununua kilo ya uwazi kwa shilingi 22,000, rangi ya unga nikachagua mwenyewe rangi tatu. Uliza iwapo ni ya kuyeyusha, maana wanauza pia mabaki ya sabuni za kusaga, na hayo hayatayeyuka kama unavyotaka. Ombi langu kwa wanaouza vifurushi vya watoto: badilisheni neno lile "itokote", na ongezeni mstari mmoja kuhusu nailoni. Mtawaokoa wazazi wengi.

Wapwa zangu walirudi Morogoro na vipande vitatu kila mmoja, vimefungwa vizuri. Dada alinipigia juzi kuniambia kimebaki kimoja, cha mjusi, na huyu wa miaka 9 amekificha ili asije kukitumia mwingine. Kilo ya likizo ya Juni nimeshaiweka kabatini, na mjusi wa pili ameshapatikana.