TAHADHARI: "Diwani ya pamoja" inayowatoza washairi ada

Malenga wenzangu, hasa vijana mnaotafuta pa kupeleka mashairi yenu: kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook likialika mashairi ya "diwani ya pamoja ya Afrika Mashariki", yaani kitabu kimoja cha mashairi ya watu wengi. Bango lake linavutia, linaahidi kitabu, cheti na uzinduzi hotelini. Msitume hela. Jina lao silitaji kwa sababu wanalibadilisha kila wakishtukiwa. Kariri mwendo wao, huo haubadiliki.

Unatuma shairi, na kabla jua halijazama unajibiwa kuwa majaji wamevutiwa mno, umechaguliwa. Kesho yake inaingia ada ya usajili, kiasi kidogo tu ambacho mtu haoni tabu kukitoa. Ukishalipa inakuja ada ya uhariri, halafu ada ya ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), halafu unaambiwa kila mshairi lazima anunue nakala kadhaa za kitabu ambacho hakijachapishwa. Ukiuliza kitatoka lini, kiko kiwandani. Ukiuliza tena, unatolewa kundini.

Binti mmoja ninayemfundisha ushairi alilipa hatua zote hizo kwa pesa ya matumizi ya chuo. Nimesoma majibizano yao mwanzo hadi mwisho, na kuliko hata pesa, kilichoniuma ni zile sifa. Mwenzetu mmoja aliposikia habari hiyo aliwatumia shairi bovu kwa makusudi: tarbia (shairi la mishororo minne kwa kila ubeti) yenye mshororo wa mizani kumi na tatu hapa, kumi na tisa pale, vina vya kati havikutani popote, na ubeti wa mwisho una mishororo mitatu. Akapata barua ileile, neno kwa neno: umahiri wako wa vina na mizani umetukonga nyoyo. Hakuna aliyelisoma la kwake, wala la binti. Na binti yule alizifanyia kazi beti zake usiku na mchana. Alistahili mtu wa kumwambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni "hapa urari umepotea, rudia".

Utapeli huu si mpya. Marekani, kampuni iliyojiita International Library of Poetry iliendesha mashindano kwa miaka mingi kwa mtindo huohuo: karibu kila aliyetuma shairi aliambiwa amefika nusu fainali, kisha akauziwa kitabu kinene chenye shairi lake kwa dola zipatazo 50. Watu waliwatumia upuuzi mtupu kuwajaribu, nao wakapongezwa. Wanunuzi wa vitabu vile walikuwa washairi wenyewe na jamaa zao.

Kuhusu ISBN, tafadhali soma polepole. Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kitabu cha karatasi kina ISBN moja, hata kiwe na washairi mia ndani yake. Sasa kila mshairi akitozwa ada ya ISBN, pesa hizo zote zinalipia nini? Wakikutumia namba, tazama mwanzo wake: za Tanzania huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912, za Kenya 978-9966 au 978-9914. Namba isiyoanza hivyo, kwa kitabu wanachodai kimesajiliwa Dar es Salaam au Nairobi, iombee maelezo.

Hasara nyingine huja baadaye. Fomu yao ina mstari unaowapa haki zote za shairi. Mashindano mengi ya maana hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa, kwa hiyo hata wakikitoa hicho kitabu, shairi lako bora linaweza kuwa limefungiwa milango mingine yote.

Na milango ipo. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye uwanja wa ushairi. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo inapokea miswada ya diwani. Kwa wanaoandika hadithi fupi, shindano la Commonwealth (Jumuiya ya Madola) hupokea kazi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000, na kuingia ni bure. Huko kote mshindi ndiye anayelipwa. Gazeti la Taifa Leo la Kenya nalo limewapa malenga nafasi kwa miaka mingi.

Nisiwaonee wengine: ukitaka kujichapishia diwani yako, kumlipa mpiga chapa ni biashara halali, mradi mmeandikiana bei, idadi ya nakala na tarehe. Yapo pia majarida ya nje yanayotoza dola chache za kusoma kazi. Lakini hao hukwambia tangu mwanzo, na hawakupongezi kabla hawajasoma.

Unapotuma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, tazama jina linalotokea. Wanaojiita kampuni ya uchapishaji huku pesa inaingia kwenye laini ya mtu binafsi, ghairi. Kwa Tanzania, jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni.

Kama umeshalipa, usifute chochote. Piga picha majibizano yote, hifadhi ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, kisha wahi huduma kwa wateja wa mtandao wako na kituo cha polisi. Tanzania, namba ya tapeli itume kwenda 15040. Walio Safaricom Kenya, 333. Waandikie pia kwamba unaondoa shairi lako na unafuta ridhaa uliyotoa, na nakala ya barua hiyo ibaki kwako.