Mchujo wa bolingi ya nyasi Hamilton: mechi tatu, umande, na chaki niliyoisahau

Nimecheza bolingi ya nyasi misimu miwili hapa Hamilton, Ontario, na Julai iliyopita niliingia mchujo wa wilaya kwa mara ya kwanza, upande wa wanawake wawiliwawili. Tulicheza mechi tatu, tukashinda moja, tukatolewa. Kabla ya siku ile nilitafuta mtu wa kumuuliza kwa Kiswahili mambo yanakwendaje huko, nisimpate. Basi nayaweka hapa niliyoyaona, mazuri na ya kukera, kwa mwenzangu yeyote anayeutazama uwanja ule wa kijani kutoka kituo cha basi kama nilivyokuwa nikiutazama mimi.

Kwanza mchezo wenyewe, maana jina la bolingi huwafanya watu wafikirie ukumbi wenye taa na vigingi kumi vya kuangusha. Huu sio. Hapa kuna nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, mtaro kuzunguka uwanja, na kijitufe cheupe kinachoitwa jeki. Unasimama kwenye kimkeka cha sentimita 60 kwa 36, unabingirisha tufe lako zito, na kazi ni moja: lilale karibu na jeki kuliko la mwenzio. Jeki iko mbali, angalau mita 23 kutoka mkekani. Na tufe haliendi moja kwa moja. Limechongwa makusudi liwe kombo, upande mmoja tofauti na wa pili, kwa hiyo linapoanza kuchoka linakunja kona kuelekea kwenye ile alama ndogo iliyochorwa ubavuni. Ukilishika kinyume, likaenda kukunjia kwenye uwanja wa jirani, utajua siku hiyo.

Mwenzangu ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Ndiye aliyenivuta. Mara ya kwanza aliposikia jina la mchezo alicheka mpaka akakaa chini: “Hii bolingi njo bolingo!” Bolingo kwa Kilingala ni mapenzi. Tangu hapo hatuuiti vingine tukiwa wawili. Yeye ananiita mutoto yangu, mimi namwita Mama, na uwanjani yeye ndiye nahodha wetu, maana ana mkono mtulivu kuliko wangu.

Mchujo umepangwa ngazi kwa ngazi. Wanaoshinda wilayani wanakwenda kwenye mashindano ya jimbo la Ontario, na wanaoshinda huko wanakwenda kwenye ubingwa wa Kanada. Kilichonishangaza ni mlango wa kuingilia: hakuna anayekuuliza umecheza miaka mingapi. Ukiwa mwanachama wa klabu iliyosajiliwa na ukalipa ada kwa wakati, jina lako linaingia. Ada yenyewe haikufika bei ya chakula cha watu wawili mgahawani. Kwa pesa hiyo nilisimama nyasi moja na wanawake waliokwisha kucheza mashindano ya taifa. Sijui ni mchezo gani mwingine mjini hapa ungenipa nafasi hiyo.

Na mji wenyewe una historia yake. Michezo ya kwanza ya Dola ya Uingereza, ile ambayo leo ni Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilifanyika hapa hapa Hamilton mwaka 1930, na bolingi ya nyasi ilikuwemo. Ryan Bester, aliyechukua medali ya fedha mchezo wa mtu mmojammoja Glasgow 2014 na tena Gold Coast 2018, ni mtoto wa mji huu. Wazee wa klabuni wanamtaja kama sisi Mombasa tunavyomtaja mchezaji wa mtaani kwetu aliyefika timu ya taifa: kila mmoja ana hadithi ya siku aliyomwona akifanya mazoezi.

Siku yenyewe tulitakiwa tufike saa mbili asubuhi, mechi ya kwanza ianze saa tatu. Nilibadilishana zamu ya usiku na mwenzangu kazini ili nilale, na nakusihi nawe ufanye hivyo. Mlangoni walitupokea kwa heshima. Mimi huvaa buibui na mtandio, nikawa na wasiwasi wa mavazi, kwa hiyo nilipiga simu wiki moja kabla. Jibu lilikuwa sketi ndefu na mtandio havina tatizo, ila viatu viwe vya soli bapa visivyo na kisigino, vinginevyo vinachimba nyasi. Na kweli, kitu pekee walichokitazama asubuhi ile ni soli zetu. Nilivaa sketi nyeupe mpaka kwenye kifundo, na siku nzima hakuna aliyenitazama mara mbili.

Mechi ya kwanza tulifungwa 19 kwa 8, na lazima niieleze kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Asubuhi nyasi zilikuwa na umande. Tufe likipita linaacha mstari mweusi nyuma yake kama mashua kwenye maji matulivu, na linafika limechoka. Matufe yangu manne ya mwanzo yote yaliishia mita mbili kabla ya kuifikia jeki. Nikaongeza nguvu, na hapo ndipo nilipoharibu, maana ukiongeza nguvu kwa hasira mkono unapinda. Wapinzani wetu walikuwa wanawake wawili wa umri wa mama yangu. Walitumia zile raundi mbili za majaribio za kabla ya mechi kupima umande tu, hawakujali matufe yao yalikwenda wapi. Sisi tulizitumia kupasha mikono joto. Tofauti ya mechi nzima ilianzia pale.

Kisha chaki. Kila mchezaji ana matufe manne. Wanaotangulia wanamaliza yao kwa kupokezana na wapinzani, halafu wanavuka kwenda upande wa jeki na manahodha wanakuja mkekani. Raundi ya saba Mama akatoa tufe zuri sana, likakunja kona polepole, likaigusa jeki na kulala ubavuni mwake. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Nikapiga makofi. Nikapiga makofi na kumwita jina, wakati kilichotakiwa ni nitoe chaki mfukoni nilipake lile tufe alama, kwa sababu tufe lililogusa jeki linabaki hai, yaani linahesabiwa, hata likianguka mtaroni, lakini sharti liwe limepakwa chaki kabla ya tufe linalofuata kusimama. Tufe la mpinzani likaja, likasimama. La kwake lililofuata akalitupa kwa nguvu zote, likasukuma jeki na tufe letu mpaka ndani ya mtaro. Jeki ikiwa mtaroni bado ni hai. Tufe letu lilikuwa limelala kando yake, hakuna lililo karibu kuliko hilo, na lilikuwa maiti kwa sababu halikuwa na chaki. Pointi ambayo ingekuwa yetu ikawa mbili zao.

Mama hakusema neno. Alipofika upande wangu alinishika bega tu. Baada ya mechi yule nahodha wa wapinzani akaja na kipande cha chaki, akanitia mkononi, akaniambia nikiweke mfuko wa kulia, sio wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaokwenda wenyewe. Ninacho mpaka leo.

Mwamuzi ninamsifu bila kubakisha. Alikuwepo mmoja tu kwa viwanja vyote, mzee mwembamba mwenye kamba ya kupimia kiunoni, na kila alipoitwa alikuja mbio. Mechi ya pili tulifika raundi ya mwisho tukiwa 13 kwa 13. Matufe yote yakaisha, na mbele ya jeki likawepo letu upande huu na lao upande ule, kwa jicho huwezi kusema. Mzee akapiga magoti, akavuta kamba mara tatu kila upande, hakutazama uso wa mtu. Akasimama akaelekeza kidole kwetu. Ilikuwa upana wa ukucha. Wapinzani wakatupa mkono pale pale, hakuna aliyeguna. Mimi nimekulia kwenye ligi za mpira wa miguu za mtaani ambako mstari uliochorwa kwa jivu ni chanzo cha ugomvi wa wiki nzima, kwa hiyo kimya kile cha watu wanne wakimsubiri mtu mmoja na kamba yake kilinigusa kweli.

Ushindi ule tuliupata kwa kubadilika. Kufikia saa tano umande ulikuwa umekauka, nyasi zikawa nyepesi, na tufe likawa linakwenda mbali zaidi na kukunja kona pana zaidi. Uliyoyajua asubuhi unayatupa. Mama alinishika mkono katikati ya mechi akaniambia, “Mutoto yangu, usiitupe. Uiache iende yenyewe.” Nikaanza kulenga nje zaidi, karibu na mpaka wa jirani, na kupunguza nguvu mpaka nikaona kama nalidhulumu tufe. Likafika. Hilo hakuna anayeweza kukueleza ukalielewa kabla ya kuliona kwa macho yako ndani ya siku moja, nyasi zile zile.

Sasa ya kukera, na sitaitaja klabu iliyotupokea, kwa sababu nia yangu ni warekebishe.

Ratiba ya nani anacheza na nani ilitufikia usiku wa kuamkia mashindano, saa nne kasoro. Mtu wa zamu za usiku hawezi kupanga maisha hivyo. Kivuli kilikuwa miavuli miwili kwa watu zaidi ya ishirini, na jua la Julai hapa, na unyevu wa ziwa, linaweza kukuangusha. Hata mimi niliyezoea joto la pwani nilikunywa maji kila raundi. Mama mmoja wa klabu nyingine ilibidi aingizwe ndani akae. Na chakula. Fomu ya kujiandikisha ina sehemu ya kuandika usichokula, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba sili nguruwe. Mchana ikaja sinia ya mikate, yote imejazwa nyama ya nguruwe isipokuwa miwili ya mayai, na hiyo miwili ikaisha kabla sijafika mezani. Mama alikuwa amebeba viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Tukala hivyo chini ya mti. Fomu ikiuliza swali, kuwepo mtu wa kusoma jibu.

Jingine ni matufe ya kuazima. Klabu nyingi zina kabati la matufe ya wageni, na kwa kujifunza yanatosha, lakini usiende nayo mchujoni. Mengi ni makubwa, yaliachwa na wanaume wa zamani, na mkono mdogo hauwezi kuyaachia vizuri. Kipimo chake ni rahisi: zungusha vidole gumba na vya kati vya mikono yote miwili katikati ya tufe. Vikigusana, saizi inakufaa. Vikiwa na nafasi kati yake, shuka saizi moja. Mimi nilinunua seti ya mkono wa pili, nne za saizi 1, kwa mzee aliyekuwa anaacha mchezo. Mapya ni ghali sana, na sioni sababu ya kuyanunua mwaka wa kwanza. Mzee huyo alinionyesha pia tufe lake la zamani la mbao, lililochongwa kwa mti mgumu wa Karibi uitwao lignum vitae, kabla plastiki haijachukua nafasi yake. Nilipolishika nilidhani ni mpingo, uzito ule ule, ubaridi ule ule kiganjani.

Mechi ya tatu tulifungwa 15 kwa 10 na timu iliyokwenda kushinda siku hiyo, na sioni haya. Raundi nne za mwisho tulizishinda tatu. Walitusubirisha dakika kidogo baada ya kupeana mikono, nahodha wao akamtembeza Mama kwenye uwanja akimwonyesha sehemu moja, karibu na mtaro wa kaskazini, ambapo nyasi zinashuka kidogo na kuliongezea tufe kona. Yeye alikuwa akiitumia sehemu hiyo kutumaliza mechi nzima, na sasa alikuwa akitupa siri yake, kwa sababu mwaka ujao huenda tukarudi pale.

Tutarudi. Tena tunataka kuingia mchujo wa watatuwatatu, na tunahitaji mtu mmoja. Kama unaishi Hamilton, Burlington au Stoney Creek na una jioni moja huru kwa wiki, sisi tupo uwanjani kila Jumatano kuanzia saa kumi na mbili, Mei mpaka Septemba. Njoo na viatu bapa. Matufe ya kukujaribishia ninayo, na chaki iko mfuko wa kulia.