Foldscope: hadubini ya karatasi darasani kwangu

Nafundisha baiolojia sekondari, huku Muheza. Kidato cha Kwanza nina wanafunzi 58 na hadubini ya maabara ni moja. Siku ya hadubini kila mmoja huchungulia sekunde chache, anasema "nimeona, Madam", anampisha mwenzake. Wengi huwa wameona kope zao tu.

Muhula huu nimetumia Foldscope, hadubini ya karatasi waliyoibuni Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaitangaza mwaka 2014. Lenzi yake ni kigololi kidogo sana cha kioo, inakuza mara 140. Haitaki umeme, unaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nilipata nane. Kuzikunja kulimaliza kipindi kizima na sikijutii, maana mtoto aliyeikunja mwenyewe anajua lenzi iko wapi na kwa nini picha inapotea mkono ukitikisika.

Tukaweka tone la maji ya dimbwi yaliyolala na majani siku tatu. Ubishi ukaanza. Mmoja akasema vinavyokimbia mle ni wadudu, mwenzake akasema ni vumbi linachukuliwa na maji. Zamani ningetoa jibu. Safari hii nikauliza, "Mtajuaje?" Msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia, akasema: "Tuyachemshe, Madam. Vumbi halifi."

Tukachemsha, tukaacha yapoe. Wakataka wenyewe kwamba anayechungulia asiambiwe tone lipi limechemshwa, asije akaona anachotaka kuona. Hilo sikuwafundisha mimi! Makundi saba yalipatia, moja likakosea, na ubishi mpya ukaanza. Yote haya kwa Kiswahili, ingawa somo hufundishwa kwa Kiingereza, nami nikawaacha.

Bakteria usitegemee kuwaona vizuri, na anayechungulia ni mmoja kwa wakati. Kwa seli za kitunguu na viumbe wa majini inatosha kabisa. Mwalimu mwenzangu, usinunue moja ya kuonyeshea mbele ya darasa, utarudi kwenye foleni ile ile. Changishaneni mpate kadhaa.

Ijumaa yule msichana aliomba aende nayo nyumbani. Anataka kuangalia maji ya mtungi wa bibi yake, kabla ya kuchujwa kwa kitambaa na baada. Nimempa, na slaidi mbili.