Uzoefu wangu na mafundi walionifungia AC ya R32: kazi yote iko kwenye mabomba

Mashine yenyewe sitaizungumzia sana. AC za siku hizi karibu zote zinapoza vizuri zikifungwa inavyotakiwa. Ninachotaka kukieleza ni kazi ya mafundi, hasa yale mabomba ya shaba yanayounganisha mashine ya ndani na ya nje, kwa sababu humo ndimo gesi inamopita na humo ndimo matatizo mengi yanapoanzia.

AC niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa inajazwa gesi kila joto linaporudi. Fundi anakuja, anajaza, analipwa, anaondoka. Hakuna aliyewahi kutafuta inavujia wapi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ileile miaka na miaka, na ikipungua ujue imevuja. Ndiyo maana safari hii nilisimama karibu na mafundi tangu mwanzo nikaangalia kila hatua.

Mashine mpya inatumia R32. Gesi hii ina nafuu kwa mazingira: uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni mara 675 ya kaboni dioksidi, wakati ule wa R410A, gesi iliyotangulia kwenye AC nyingi, ni mara 2088. Lakini R32 iko daraja la A2L, maana yake sumu yake ni ndogo ila inaweza kushika moto. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatulia chini, na chumba kikiwa kimefungwa inaweza kumnyima mtu pumzi. Kabla ya kazi fundi mkuu alizima umeme kwenye swichi kuu, akafungua madirisha yote, akakataza sigara na moto wa aina yoyote. Hapo nikaanza kumwamini.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyoandaa midomo ya mabomba. Alikata kwa kikata bomba, hakutumia msumeno. Kisha aliuinamisha mdomo chini ndipo akakwangua makali ya ndani, ili chembe za shaba zidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye bomba na baadaye kufika kwenye kompresa. Akatanguliza nati, akautanua mdomo, akaugeuzageuza kwenye mwanga na kuupitishia kidole. Mmoja ulikuwa na mkwaruzo mwembamba ambao mimi nisingeuona. Aliukata akaanza upya bila kuambiwa na mtu. Akazungusha nati kwa mkono mpaka ikakaa sawasawa, kisha akakaza kwa spana mbili, moja ya kushikilia na nyingine yenye kipimo cha nguvu. Bomba la robo inchi linataka takriban Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18, la nusu inchi kama 50 hadi 60. Nati ikilegea gesi inavuja. Ikikazwa kupita kiasi shaba inakonda, na inaweza kupasuka baada ya miezi, fundi akiwa keshasahau hata nyumba yenyewe.

Bomba la kupita ukutani lilizibwa ncha zote mbili kwanza, vumbi lisiingie, na tundu lilitobolewa kwa mteremko kuelekea nje. Hakuna kiungo kilichofichwa ndani ya ukuta. Nisingekubali kingine, maana kiungo usichoweza kukifikia huwezi kukikagua.

Baada ya hapo ikaja naitrojeni, ya kupima kama kuna mahali panapovuja. Walipandisha presha kwa hatua, wakisimama kila mara kuangalia geji, mpaka karibu bar 40, ambayo ndiyo presha iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Viungo vyote vikapakwa povu la sabuni. Geji iliachwa imefungwa kwa muda mrefu na mshale haukusogea. Kwenye gari lao nilikuwa nimeona mtungi wa oksijeni wa kulehemu, nikamuuliza kama nao ungefaa kwa kipimo hiki. Akanijibu: "Bosi, oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwenye presha, hilo ni bomu. Ule mtungi hausogei hapa." Watu wamekufa kwa kosa hilo, na bado wapo wanaoona ni njia ya kupunguza gharama.

Halafu pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu vilivyomo kwenye mabomba. Mafundi wengi huiruka hatua hii: wanaachia gesi kidogo itoke ili isukume hewa nje, basi, wanawasha. Kwa R32 hiyo ni kumwaga gesi inayowaka pale pale ulipo, na unyevu wenyewe unabaki ndani. Mafuta ya kompresa hizi hunyonya unyevu upesi, na unyevu huo huzaa asidi inayokula mashine taratibu. Hawa waliwasha pampu mpaka kipimo kikashuka chini ya mikroni 500 (mikroni hupima presha ndogo sana ya hewa iliyobaki ndani), wakafunga valvu, wakazima pampu, wakasubiri kuona kama namba itapanda. Walitumia geji ya kidijitali, kwa sababu ile ya mshale haiwezi kuonyesha tofauti ndogo kiasi hicho. Ilipotulia ndipo wakaifungulia gesi.

Sasa mapungufu, maana yapo. Kwenye AC za aina hii mabomba yote mawili yanakuwa baridi, kwa hiyo kila moja linatakiwa livikwe sponji yake. Walivika, ila kwenye kona karibu na mashine ya nje waliacha pengo la upana wa kidole. Pale shaba ilipobaki wazi maji yakaanza kudondoka ukutani. Niliwapigia, wakaja kuziba bila ubishi. Pia sehemu ya nje waliizungushia tepu tu, na jua linaila tepu. Kifuniko cha plastiki kigumu nimekiweka mwenyewe. Kazi nzuri ya namna ile ilistahili kumalizwa na wao.

La pili ni kumbukumbu. Bomba langu ni refu kuliko urefu ambao gesi iliyotiwa kiwandani inatosheleza, hivyo waliongeza gesi kwa kuipima kwenye mizani, gramu kwa kila mita kama kitabu kinavyosema. Safi kabisa. Lakini walikuwa wanaondoka bila kuandika kiasi walichoongeza. Niliwazuia mpaka wakaandika kwenye lebo ya mashine ya nje. Fundi atakayekuja baadaye lazima ajue jumla ya gesi iliyomo, na kwa R32 jumla hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa chini wa chumba kinachoruhusiwa.

Nitawaita tena, na ndugu zangu nimeshawapa namba yao. Anayetafuta fundi amuulize mapema kama ana naitrojeni, pampu ya vakyumu na geji ya mikroni. Akisema havihitajiki kwa AC ndogo, tafuta mwingine. Na kabla hujamlipa, pitisha mkono kwenye sponji kuanzia ukutani hadi kwenye nati za nje, uhakikishe hakuna mahali unapogusa shaba tupu.