Mashine ndogo ya kuchomelea na Datsun 240Z: tathmini baada ya miezi 14 ya kazi ya ua wa nyumbani, Tudor

Mashine ninayoitathmini hapa ni ya aina ya MIG, yaani ile inayosukuma waya mwembamba kutoka kwenye roli hadi kwenye ncha ya bunduki ya kuchomelea, huku gesi ikiufunika moto ili hewa isiuguse. Uwezo wake ni ampea 140, inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 240, na mtu mmoja anaweza kuibeba kutoka chumbani hadi uani bila msaada. Nimeitumia kwa miezi 14 katika ua wa nyumba yetu Tudor, Mombasa, si mbali na mkondo wa bahari, na kazi yake imekuwa moja tu: kuirudishia sakafu, vizingiti (mihimili ya pembeni iliyo chini ya milango) na trei ya betri Datsun 240Z ambayo kutu ilikuwa imeanza kuila kabla sijaipata. Naipendekeza kwa kila mtu anayefanya kazi ya namna hii nyumbani katika mji huu, kwa sharti kwamba anunue na mtungi wa gesi siku hiyo hiyo.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa 240Z ni gari gani. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye alimaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström, naye pia akiwa katika Datsun. Injini yake ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili, ni chuma kigumu ambacho fundi mvumilivu hukifufua bila hofu kubwa. Bodi ndiyo yenye mashaka. Gari hili halina shasi iliyojitenga. Mabati yake membamba, mengi yakiwa hayafiki unene wa milimita moja, yamekunjwa na kuunganishwa yakawa ndiyo uti wa mgongo wa gari lote. Kwa hiyo kutu inapotoboa sakafu au mihimili iliyo chini yake haiondoi uzuri pekee, bali inaondoa nguvu iliyolibeba gari hilo katika mashimo na matope ya Safari. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8, kila 240Z inayokatwa kuwa chuma chakavu hapa nchini ni moja iliyopungua na haina mbadala rahisi wa kushuka bandarini.

Nilijaribu kwanza njia ya kulipa. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilipokea gari kwa wiki sita na kulirudisha likiwa linang'aa. Msimu wa masika ulipofika, rangi ilianza kututumka chini ya mlango wa dereva, nami nilipokwangua nikakuta puti, ule udongo wa kusawazishia bodi kabla ya rangi, nene kama kidole, na chini ya puti kipande cha bati la kuezekea nyumba kilichochomelewa kwa gesi ya asetilini juu ya kutu ile ile. Moto wa asetilini ni mpana. Ulikuwa umelipinda bati la pembeni likawa na mawimbi, ndiyo maana puti nyingi ilihitajika. Nilihuzunika kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyelipenda gari. Fedha niliyoilipa pale ingetosha kununua mashine hii na barakoa yake, na baki ingekuwepo.

Katika boksi mashine huja na roli ndogo ya waya wenye unga ndani, ambao muuzaji huusifu kwa kuwa hauhitaji gesi. Niliutumia majuma matatu, nami nasema wazi kwamba kwa bodi ya gari haufai. Ni mnene, una moto mwingi, unarusha cheche kila upande na kuacha gamba ambalo lazima ligongwe na kusuguliwa. Juu ya bati la sakafu ya 240Z ulitoboa tundu kubwa kuliko lile nililokuwa naliziba. Nilipobadilisha nikaweka waya mgumu wa milimita 0.6 na mtungi wa mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi, ilikuwa kana kwamba nimenunua mashine nyingine. Anayefanya mabadiliko hayo asisahau kugeuza nyaya ndani ya mlango wa pembeni: waya wa unga huchomelewa bunduki ikiwa upande wa hasi, na waya mgumu wenye gesi bunduki ikiwa upande wa chanya. Nilisahau jambo hilo kwa siku nzima, nikailaumu mashine bure. Kaboni dioksidi tupu ni rahisi zaidi kwa bei na hufanya kazi, lakini moto wake ni mkali na cheche zake ni nyingi, kwa hiyo naiacha kwa vyuma vinene vya mageti.

Marekebisho ni mawili tu, nguvu ya umeme na kasi ya waya, na sikio ndilo linalofundisha kuliko kitabu cha maelezo: vinapopatana, sauti huwa moja isiyokatika, kama bajia zinapotumbukizwa katika karai la mafuta moto. Kwa bati jembamba ninabaki kati ya ampea 30 na 50. Sipigi mstari. Napiga nukta moja, nahamia sentimita kadhaa mbali, napiga nyingine, kisha narudi kuziba nafasi bati likiwa limepoa kiasi cha kuguswa. Kizingiti cha kushoto kilinichukua Jumamosi nne kwa mwendo huo, na leo ukipitisha kiganja juu yake huoni wimbi lolote.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza ni upepo. Gesi inayotoka kwenye bunduki ni laini, lita 8 hadi 12 kwa dakika, na pepo za kusi zinapoanza kuvuma kati ya Aprili na Septemba huipeperusha kabla haijafika kwenye chuma. Mara ya kwanza nilidhani mtungi umekwisha, kwa sababu kila nukta ilitoka na uso uliojaa vitundu kama mkate wa kumimina, na nukta ya namna hiyo haina nguvu hata kidogo. Kuongeza gesi hakusaidii sana, kwani ikizidi huvuruga hewa na kuinyonya ndani. Nilichofanya ni kutundika turubai zito upande wa kusini wa banda na kuhamishia kazi asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Saa hizo umeme nao huwa imara zaidi mtaani kwetu kuliko jioni, wakati taa zinapofifia na mashine kubadilika mlio katikati ya kazi. Ndugu zangu wa Nyali na Bamburi walio ufukweni kabisa watahitaji kuta, si turubai.

Nalitaja banda kwa makusudi. La kwetu lina paa la bati. Anayeegesha gari chini ya makuti, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za pwani, asiwashe mashine hii hapo hata kwa nukta moja. Cheche huruka mbali na makuti makavu hayasamehe. Tangi la petroli lazima litolewe na kupelekwa mbali, betri ifunguliwe, na ndoo ya maji na ya mchanga viwe karibu. Bati la kuezekea, ambalo mafundi wengi hulipenda kwa kuwa linapatikana kila duka, lina zinki, na moshi wa zinki humpa mchomeleaji homa na kutetemeka usiku. Mimi hununua bati la chuma lisilopakwa kitu. Barakoa inayojitia giza yenyewe si anasa, hasa kwa anayelala chini ya gari na hana mkono wa ziada wa kushusha barakoa ya kawaida.

Kasoro za mashine yenyewe zipo. Kibanio cha ardhi kilichokuja nayo, yaani kile kinachong'ata bodi ili umeme urudi kwenye mashine, ni dhaifu, kilishika kutu ndani ya mwezi mmoja, na nilikibadilisha kwa kingine kizito cha shaba. Tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Kebo ya bunduki ni fupi, haifiki upande wa pili wa gari bila kuihamisha mashine. Roli ya waya haipendi hewa ya Mombasa kabisa. Ikiachwa ndani ya mashine kwa juma moja bila kazi, waya huota vumbi la kutu, hukwama kwenye mrija na kufanya moto ukatikekatike, kwa hiyo kila jioni naitoa na kuifungia katika mkebe wa plastiki pamoja na kitambaa chenye mchele mkavu. Ni kero ndogo, lakini mtu wa Nairobi hataijua.

Kazi ya kabla ya kuchomelea na ya baada yake mashine haiwezi kumfanyia mtu. Chuma lazima kisuguliwe kwa grainda hadi kiwe cheupe, mikunjo ipakwe rangi ya msingi yenye zinki kabla ya kuunganishwa, na baada ya kazi nta ya kuzuia kutu inyunyizwe ndani ya vizingiti kupitia matundu ya chini, kwa kuwa nukta iliyotoka kuchomelewa ndiyo ya kwanza kushambuliwa na hewa ya chumvi. Wapo wanaosafisha bodi kwa kupuliza mchanga wa ufukweni. Nawasihi waache: mchanga ule umebeba chumvi, na unaisukuma ndani ya mikunjo ile ile wanayotaka kuiokoa.

Hadi sasa nimetumia mitungi miwili midogo ya gesi na roli tatu za waya, na sakafu zote mbili, trei ya betri na kizingiti cha kushoto vimekamilika. Masika yamepita juu ya kazi hiyo mara moja, nami nililala chini ya gari na tochi siku mvua zilipokatika, nikagonga kila mshono kwa nyundo ndogo. Hakuna uliolegea. Kizingiti cha kulia nimekipangia Novemba, kusi ikishatulia na kabla kaskazi haijashika kasi.