NASA Worldview: nimeipa nyota nne, na nyota ya tano nimeikata kwa sababu zetu za Pwani

Nianze na bei maana ndo mtauliza kwanza: bure, hata kujisajili hakuna. Unafungua tovuti ya Worldview kwa kompyuta (simu pia yafungua lakini utaminya macho, na picha ni nzito kwa bando) na dunia nzima iko mbele yako, picha za satelaiti za leo na za kurudi nyuma mpaka mwaka 2000. Maandishi ni Kizungu chote, ila ukishajua vitufe vitatu vinne basi.

Kwa nini naipigia debe? Kwa sababu msimu wa kaskazi mbingu ikifanya ule weupe mchafu, ukisimama Mama Ngina hapa Mombasa hata meli nje huzioni vizuri, kila mtu barazani ana lake, huyu asema ni jaa la Mwakirunge linaungua, yule asema ni vumbi la Arabuni, mwengine asema ni joto tu. Si mfungue picha muangalie!

Kwa vumbi hawa jamaa nawapa mia kwa mia. Likitoka Oman au Yemen kuingia baharini unaliona wazi, rangi ya kahawia inayoenda njano, limechanuka kutoka nchi kavu kama unga uliopulizwa, ukibonyeza tarehe mbele na nyuma unaona lilikoelekea na kama lilishuka kwetu au lilipotelea huko huko. Moshi una kijivu cha buluu na huanza pahali pembamba ndo unapanuka. Wingu ni jeupe tupu. Macho yakiwa hayajazoea, rudisha tarehe Juni 2020, lile vumbi la Sahara lililovuka Atlantiki mpaka Karibiani, lifuate siku baada ya siku, ukimaliza hapo hudanganyiki tena.

Sasa hili ni letu watu wa karibu na ikweta, na hakuna anayekwambia. Terra na Aqua, mbili kati ya zinazopiga picha hizi, ni satelaiti za zamani, moja imerushwa 1999 nyengine 2002, na huku kwetu mapito yao hayagusani kwa hivyo siku nyengine unakuta kipande cheusi kimekaa juu ya Mombasa kabisa na wewe waona tovuti imeharibika. Haijaharibika, badilisha leya (tabaka la picha) tu uweke ya satelaiti ya Suomi NPP au NOAA-20, hizo zapiga upana wa kilomita kama 3,000 kila zikipita na hazibakishi pengo. Na ule ukanda wa fedha baharini si vumbi, ni jua lawaka juu ya maji.

Mawingu ndo adui. Yakijaa, washa leya ya erosoli (chembe ndogo za hewani) ya OMPS, kipimo cha satelaitini, inatumia mwanga wa urujuanimno na hukamata moshi au vumbi hata likiwa juu ya wingu, ingawa picha yake ni miraba mikubwa mikubwa isiyopendeza. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi tizama nayo Angola, Kongo na Zambia wakichoma nyika, kuna siku moshi unateremka kusini na kutokea Msumbiji mpaka Bahari Hindi.

Ukiwasha leya ya moto, nukta zake nyekundu nazo zina maneno. Nukta ya VIIRS, kamera ya hizo Suomi NPP na NOAA-20, ni mraba wa mita 375, maana yake ndani ya mraba huo kuna kitu cha moto sana, si kwamba mraba wote unaungua. Oktoba 2020, mlima ulipoungua, zipo kule Kilimanjaro. Lakini wewe wa Kisauni unayetaka kujua moshi unaokuingilia dirishani saa tatu usiku umetoka jaa gani, hapa hupati kitu, ni mwembamba mno na picha za rangi zapigwa mchana. Hiyo fuata pua.

Nyota niliyoikata ni ya mwendo. Wana satelaiti za kila dakika 10, GOES na Himawari, lakini moja imekodolea Amerika na nyengine Asia Mashariki na Australia, sisi tumerukwa. Ukitaka saa kwa saa nenda tovuti ya EUMETView ya EUMETSAT, shirika la satelaiti la Ulaya, bure pia, satelaiti zao za Meteosat zapiga Afrika kila dakika 10 au 15, chagua leya ya Dust RGB, vumbi hutokea rangi ya waridi, na kwa vile hupima joto hata usiku wa manane unalifuata.