Kufua Kitani Dodoma: Mkono au Mashine?

Nyuzi za kitani huwa imara zaidi zikilowa kuliko zikiwa kavu, kwa hiyo hofu kwamba mashine itaichana nguo haina msingi mkubwa, ilimradi maji yasizidi nyuzi joto 40 na mzunguko wa kukamua uwe wa taratibu. Lakini hapa Dodoma, ambako maji ya visima ni magumu na sabuni ya mche huacha utando mweupe, mkono una nafasi yake. Shati langu huliloweka kwanza kwenye beseni ili vumbi jekundu lilegee, kisha husugua kola peke yake kwa viganja, bila brashi, na kulisuuza mara tatu. Mashine haijui kola iko wapi. Kosa la mkono, nalo limenigharimu suruali moja, ni kuinyonga nguo ili kuikamua, maana mikunjo ya namna hiyo hutoka kwa taabu. Afadhali kuiminya tu na kuianika ikichuruzika. Mashuka mazito nayaachia mashine. Kwa vyovyote, pasi hupigwa nguo ingali na unyevunyevu, jambo ambalo jua letu la mchana halikupi muda mrefu kulitimiza.